Mashua ya Wadakia

Nzuguni, Dodoma
14 Agosti 2005

Dada yangu Priska,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na yule mbuzi mwenye kiburi bado anatafuna kanga za watu kwenye kamba. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na barua hii nimeianza na kuichana mara tatu.

Uliniuliza kwa simu ya jirani ilikuwaje mumeo Nathanaeli akapunguzwa kazi kiwandani, yeye aliyeijua mashine ya kukamua alizeti kuliko walioiunda, na mimi nipo palepale ofisini, karani wa kompyuta, mlango kwa mlango na mkurugenzi. Nilikujibu kwamba ni mambo ya ubinafsishaji. Sikudanganya, ila sikusema yote.

Tangu kiwanda kiuzwe tuna mkurugenzi mpya, Bwana Anyitike, kijana aliyesoma Ulaya. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Alikuja na mchezo wa vita ndani ya kompyuta yake. Unachagua kabila la kale la huko Ulaya, unalijengea miji, unalipeleka vitani. Yeye alichagua Wadakia, watu wa milimani wenye ndevu na panga zilizopinda kama mundu. Kila siku saa kumi jioni huniita nikae naye, maana aliona nashika kipanya haraka kuliko yeye. Kukataa sikuweza. Nani anamkatalia bosi wakati watu wanapunguzwa?

Na nisikufiche, niliupenda. Mimi mtu wa Kibakwe, ambaye bahari sijaiona kwa macho, nikawa nahodha. Wadakia nao si watu wa maji. Mashua zao ni ndogo, zinabeba vikosi vichache, na Warumi wanawafuata nyuma na merikebu kubwa. Kila safari kikosi kimoja lazima kibaki ufukweni, na kinachobaki kinauawa. Hapo Bwana Anyitike huniachia nichague. Mwanzoni nilikuwa naganda na kipanya mkononi mpaka ananicheka, kwamba nawaonea huruma watu wa kwenye kioo. Baadaye nilizoea. Nikawa nawaacha wazee wa mapanga, napakia vijana wa mishale.

Siku moja mwezi wa sita, mchezo ukiwa umepamba moto, alinisogezea karatasi. Ilikuwa orodha ya watu ishirini wa kupunguzwa, na kumi na tisa walishaandikwa. Alisema idara ya mashine lazima itoe mmoja, na kwa kuwa yeye bado hajawajua watu vizuri, nimtajie mimi. Alilisema kwa upole, kama mtu anayenipa heshima.

Dada, unajua kwetu ilivyo. Mgeni mkubwa akifika, baba humwonyesha beberu wake bora zizini, na mgeni mwenye adabu hukataa, akasema huyo mwache, tukamatie yule mdogo. Sijawahi kuona mgeni anayekubali yule wa kwanza. Nami ndivyo nilivyofanya. Nilimtaja Nathanaeli. Nikamweleza kuwa ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, ili ajue natoa kilicho changu na sina upendeleo. Nilikuwa na hakika atashtuka, aseme hapana, taja mwingine. Badala yake alinishukuru. Alisema watu wanaotanguliza kazi mbele ya undugu ni wachache nchi hii, akaandika jina, tukarudi kwenye mchezo.

Ningeweza kusema. Nilikaa pale mpaka saa kumi na mbili na neno likiwa mdomoni. Niliogopa kwamba jina lake likifutwa, litaandikwa langu. Ukweli wenyewe ni huo. Nilianza kwa adabu, nikamalizia kwa woga. Ng'ombe aliotoa Nathanaeli kukuoa wewe ndio waliouzwa nikasomea kompyuta, na kesho yake kwa kompyuta hiyohiyo niliichapa orodha mwenyewe.

Yeye hajui. Aliniomba nimwandikie rufaa, nikaiandika vizuri kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Jibu la kuikataa nililichapa mimi pia. Kanisani anawaambia watu kwamba shemeji yake alimpigania mpaka mwisho, na mimi nasimama pale naitikia. Najichukia, dada. Na saa kumi ikifika bado naitwa, na bado naenda. Ijumaa tulivuka tena, tukaacha watu.

Kesho Nathanaeli anapanda basi kurudi huko nyumbani, na barua hii ataibeba yeye. Wewe hukusoma, na kila barua yangu huibeba yeye akija likizo, na ndiye anayekusomea. Kwa hiyo shemeji, tangu mstari wa kwanza nilikuwa nakuandikia wewe. Mara nne nilijaribu kukuambia uso kwa uso nikashindwa. Kama umefika hapa ukisoma kwa sauti, dada ameshasikia, na sina la kuongeza. Kama uliona mapema ukanyamaza, basi mwambie dada tu kwamba Yotham ni mzima, anawasalimu, kazi inaendelea. Sitakulaumu kwa lolote kati ya hayo.

Wapeni watoto salamu zangu, na mama naye mwambieni nimemwamkia.

Ni mimi mdogo wenu,
Yotham