Pikapu Isiyo na Hendibreki

Mume mwenzangu Shabani,

Assalaam alaikum. Huku Kibiti tu wazima. Mke wetu, bibi yako, mguu umepungua uvimbe, na jana tumeletewa kamba wabichi wa kula kutoka Salale.

Ila barua yako imeniudhi. Unataka kuifungia pikapu yangu breki za diski nyuma badala ya dramu, halafu unauliza kama hendibreki tuiache, "jiwe litatosha." Nani kakufundisha ufundi huo?

Naujua, maana niliufanya mimi. Ujanani nilitoa dramu za pikapu ya mama mmoja wa Mahege, nikafunga diski za gari bovu. Waya wa hendibreki haukuwa na pa kushikia, nikaukata. Nikamwambia akiegesha aweke jiwe tairini. Wakati wa mavuno aliiegesha kwenye mteremko, ikamponyoka, ikaingia mtoni na mpunga wake wote. Nilipofika nikamfokea mbele za watu kwamba hakuweka jiwe.

Hakupandisha sauti. Alinionyesha jiwe lenyewe, limedidimia kwenye tope, akasema, "Mimi jiwe niliweka, mwanangu. Wewe uliweka nini?"

Funga diski zako, sikukatazi, lakini tafuta zenye pa kushikia waya. Yule mama amekufa na mimi sijamjibu.

Babu yako