Neno la Kiebrania Ulilonituma Nilichunguze

Buterere, Bujumbura

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo kweli? Nauliza hivyo kwa sababu siku hizi nikikuuliza hali kwenye simu unajibu "nzuri" kabla sijamaliza swali, halafu unanihamishia kwenye habari za kuku. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Mimi ni mzima. Wiki iliyopita mvua iliingia ndani, huku Buterere maji hayapigi hodi, na godoro nimelianika siku nzima lakini bado linanuka. Kazi ya dukani inaendelea.

Sasa nije kwenye jambo lako. Uliponitumia ile sauti ya mwalimu wa Kiebrania wa huku Bujumbura, anayesema neno rafa maana yake ni kuponya na kwamba Mungu ndiye anayeponya, na wewe ukaongeza kwamba kwa ajili ya neno hilo umeacha vidonge vya sukari, na kama nabisha nikalichunguze mwenyewe, nilikasirika sana. Nikasema, huyu tapeli nitamkamata mimi mwenyewe. Nikaomba ruhusa kwa bosi wangu, Mzee Seif, Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa. Akanicheka: "We Stefano unaenda kusoma Kiyahudi? Hata Kirundi bado inakushinda!"

Mwalimu huyo anafundisha Jumamosi kule mtaa wa Carama, katika darasa la shule ya msingi. Nilikaa karibu na mlango. Nikamkagua viatu, nikaona visigino vimelika, nikasema moyoni anajifanya maskini. Nikasubiri kapu la sadaka. Halikupita. Hapo ndipo nilipomshuku zaidi, maana asiyeomba kitu siku ya kwanza huenda anakutengenezea ombi kubwa.

Lakini anafundisha vizuri, sikufichi. Aliandika ubaoni ruah, akasema ni upepo, ni pumzi, na ni roho, yote hayo katika neno moja. Akaandika nefesh, akajishika shingo: hili tunaloliita nafsi, wale wazee wa zamani walilitumia hata kwa koo, koo lenye kiu. Kisha akafika kwenye rafa. Akasema ni kuponya, na pia ni kutengeneza kilichoharibika. Eliya alipoitengeneza madhabahu iliyobomoka, neno lililoandikwa ni hilo hilo.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mgonjwa wa sukari aache dawa?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Yeye akaweka chaki mezani.

"Apana! Nani amesema vile? Mi nilituma audio mbili, frère, ndugu yangu. Mu ile ya pili nilisema: Yakobo alipokufa, Yusufu aliita waganga wamupake dawa mwili. Wale waganga, Biblia inawaita na neno ile ile, ya rafa. Mutu anakunywa dawa yake na anaomba Mungu. Anafanya vyote!"

Sikumwamini. Nilidhani anaitunga hiyo ya pili pale pale kwa kuona nimembana. Mwanamke mmoja aliyekaa pembeni yangu, muuza mchele, akanipa simu yake. "Shika, sikiliza we mwenyewe." Kweli, zilikuwa sauti mbili zilizofuatana, za siku moja, na ya pili ndiyo hiyo ya waganga.

Nilipotoka nikampigia Neema. Nikamwomba aangalie simu yako wakati unaoga. Usimgombeze mdogo wangu, nilimlazimisha. Akaniambia sauti zote mbili zimo, na zote mbili umeshazisikiliza. Mimi ulinitumia ya kwanza peke yake.

Yaani nilizunguka Bujumbura nikimtafuta mwongo, Mama! Neema akaongeza kwamba siku hizi unavaa soksi kutwa nzima na joto lote hilo la Tabora, na hutaki mtu akuvue. Huo mguu una nini? Naogopa. Nakuandikia nikiwa na hasira na woga, na sijui kipi kimezidi.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanibana pua ili nimeze kwinini, na nikilia unanibana zaidi. Mimi niko mbali, pua yako siifikii.

Nisalimie shangazi Mwashi wa kwaya, na Neema mwenyewe. Mjomba Kulwa, fundi baiskeli wetu, nimeshamsalimu kwa simu, na Jumatatu asubuhi atakuja kukupeleka hospitali. Nimemwambia asikubali chai, maana najua utamkalisha kwa chai mpaka saa sita.

Kama umechoka kumeza vidonge, sema umechoka. Kama unaogopa watakachosema wakiuona mguu, sema unaogopa, nitapanda basi nije tuogope pamoja. Ila usinitume tena kwa Waebrania kuuliza jambo ambalo jibu lake unalo.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na ambaye kwa leo sikuamini,

Stefano