Nilimsugua kwa Mapenzi, Akaniuma Mkono

Mpendwa Bi Batuli,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na uniwie radhi kama mwandiko unayumba, kwa sababu mkono ninaoandikia ndio huo ulioumwa. Mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu hapa Fes, Moroko, na sijui nikueleze vipi furaha yangu, maana mume wangu Taufiki, fundi wa viatu vya ngozi, ndiye yule aliyeniletea maua ya mchungwa ndani ya kopo la gundi siku ya uchumba wetu, na mpaka leo nikisikia hatua zake kwenye ngazi moyo unanienda mbio kama vile bado hajanioa. Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia binti, Nuhaila, ambaye sasa ana miaka sita, na mimi niliapa nitampenda mtoto huyo mpaka watu wasahau kwamba sikumzaa.

Lakini tangu niingie nyumba hii mtoto ananishangaza. Fulana zake anazivaa kwa kuzigeuza, mishono nje, na kila asubuhi mimi namvua fulana, naigeuza vizuri, namvalisha, nambusu shavuni, naye analifuta busu langu kwa nguvu kama anafuta masizi. Supu ya dengu ikiwa na kipande cha nyanya anaitema. Muuza gesi akigonga mitungi barabarani anaziba masikio na kulia, halafu mtoto huyohuyo anashinda akijirusha ukutani na kuruka kutoka kwenye sedari, lile kochi refu la ukutani, mpaka majirani wanalalamika. Nikasema moyoni, amekosa mama tu, mapenzi yatamponya.

Basi Alhamisi iliyopita, mkesha wa sikukuu, nikampeleka hamamu, bafu la mvuke la mtaani, pamoja na wanawake wote wa mtaa. Mpaka siku hiyo alikuwa akiogeshwa nyumbani na baba yake. Nilimnunulia ndoo yake ndogo na glavu yake mpya ya kusugulia, kwa sababu nilitaka watuone tukiingia mama na binti, nami nilitaka kusikia mtu akisema "mwanao". Maji niliyapima kwa kiwiko, yalikuwa vuguvugu. Nikampaka sabuni nyeusi, nikaanza taratibu, akaanza kupiga kelele, "Inaunguza! Inaunguza!" Nikadhani anadeka.

Yamina, msuguaji wa pale, akanipigia kelele kutoka upande wa pili, "Msugue sawasawa, bibi harusi! Au unaogopa kuharibu hina yako?"

Wanawake wakacheka, na mimi, Bi Batuli, niliona aibu, nikamshika mkono nikaongeza nguvu. Akaniuma mpaka damu ikatoka, akachomoka, akajigonga na nguzo, akatoka mbio na taulo moja tu mpaka barabarani, na mama anayekaa mlangoni kupokea ada ndiye aliyemdaka na kumfunika kwa vazi lake. Nyuma yangu nikasikia, "Ana jini huyo." Mwingine akajibu, "Jini gani? Hana mama huyo." Bora angenipiga kofi.

Tulipofika nyumbani alitambaa chini ya mito ya sedari, nikapiga magoti nikamwomba msamaha, na sauti ikatoka huko chini, "Kaa juu."

"Juu ya nini, mwanangu?"

"Juu yangu. Kwa nguvu."

Nilipigwa na butwaa! Mtoto asiyevumilia ncha ya kidole changu anataka nimkalie! Nikakaa kidogo, nusu nusu, akasema, "Bado. Ongeza," nikaongeza, na nikasikia anapumua polepole kama mtu aliyefika kwao. Saa hiyohiyo mama mkwe wangu, Lalla Hnia, akafungua mlango.

"Weee! Unamuua mjukuu wangu?"

Nikamweleza, akajipiga mapaja, akaamua palepale kwamba Jumamosi hii shemeji atakuja na gari amchukue Nuhaila akaishi kwa shangazi yake katika mji wa Taza, "mpaka uzae wako, na nyinyi maharusi mpumzike." Taufiki aliporudi jioni aliangalia sakafu akasema, "Wewe ndiye unayeshinda naye. Utakalosema, ndilo." Na hapa nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: kwa dakika nzima nilifurahi, nikaiona nyumba ikiwa yetu sisi wawili, chai, utulivu, hatua zake kwenye ngazi. Halafu nikaona fulana ndogo juu ya kiti nikajichukia. Niambie, ananichukia? Nimemharibu? Nimwache aende?

Bibi Harusi Mwenye Alama za Meno, Fes

*

Binti yangu mwenye alama za meno,

Barua yako nimeisoma nimesimama, chai yangu ikapoa. Mtoto hakuchukii. Lakini ulikosea, na nitakuambia wapi: maji uliyapima kwa kiwiko chako. Ngozi ilikuwa yake.

Ubongo wa mtoto unapokea habari kila sekunde kutoka kwenye ngozi, masikio, macho, pua na ulimi, na kutoka kwenye misuli na viungo pia, vinavyomwambia mkono wake uko wapi na kama amesimama wima au anaanguka. Kazi ya ubongo ni kuzichambua habari hizo na kuziunganisha, ipi isikilizwe na ipi ipuuzwe. Wewe mshono wa nguo yako hujausikia tangu asubuhi. Wako watoto ambao uchambuzi huo unawawia mgumu. Mguso mwepesi unawafikia kama moto, mtungi wa gesi unawagonga kichwani, na wakati huohuo habari za misuli zinawafikia kwa mbali, kwa hiyo wanazitafuta kwa kuruka, kujirusha ukutani na kuomba kubanwa. Ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kukimbia kidole na kuomba uzito.

Sasa fikiria ile fulana. Mishono iko ndani, inamkwaruza, yeye akaigeuza. Mtoto wa miaka sita amejitafutia dawa yake mwenyewe, na wewe kila asubuhi unamnyang'anya, kisha unambusu!

Mimi ni mtu wa gazeti, sipimi mtoto kwa barua. Mpeleke kwa daktari wa watoto, masikio na ngozi viangaliwe, kisha uliza mtaalamu anayewasaidia watoto wa namna hii kwa michezo na shughuli za mwili. Hamamu basi. Aoge nyumbani, ayapime maji kwa mkono wake, ashike kitambaa laini yeye mwenyewe. Kabla hujamgusa, mwambie. Akitaka kukumbatiwa, mkumbatie kwa mkazo, usimpapase. Mito abanwe nayo, kwa viganja vyako, uso wake ukiwa wazi, na akisema basi, iwe basi. Kumkalia, hapana. Hapo Lalla Hnia alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Na mumeo aache kuangalia sakafu. Muulize alikuwa anamwogesha vipi miaka yote hiyo bila kuumwa. Mwanamume huyo anajua kitu, ila hajui kama anakijua.

Ile dakika uliyofurahi nakusamehe, wewe ni bibi harusi. Dakika ya pili sitakusamehe. Ulitaka wanawake wa hamamu waseme "mwanao". Mtoto alipojificha kutoka kwa dunia nzima, mtu aliyemwita kutoka chini ya mito ni wewe. Ulitaka ushahidi gani zaidi?

Jumamosi shemeji akifika, mpe chai na mkate wa moto, umshukuru, gari lirudi Taza tupu. Na asubuhi hiyo Nuhaila akitokea na fulana yake mishono nje, usimguse. Geuza na ya kwako, ukae naye, mnywe chai.

Bi Batuli