Tangi Limesinyaa kwa Jua

San Lázaro del Mezquite,
Sonora.
19 Juni, 2011

Mpendwa kaka Nazario,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye joto. Hujambo huko Winnipeg? Mgongo umepoa? Wifi Odilia amejifungua salama? Mama hajambo, ila halali vizuri. Mimi napumua tu.

Kaka, tangi la kijiji ulilojenga na marehemu baba limepasuka.

Maji yalianza kunuka, mume wangu Fulgencio, aliyekabidhiwa kulitunza, akayafungulia yote ili asugue ndani. Hakuna aliyemkataza, hata mimi. Kisha pampu ya kisima ikaharibika, tangi likakaa tupu juani. Tulipoamka kutazama, kuta zina nyufa za kuingiza kidole.

Mhandisi kutoka Hermosillo alisema saruji hata ikishakomaa huwa na unyevu ndani yake. Joto likizidi, unyevu hutoka kwa kasi na saruji husinyaa. Na kwa kuwa ukuta umeshikwa na sakafu, haukuwa na pa kwenda ila kupasuka. Akatuonya tusizibe nyufa sasa, zitafunguka tena. Kwanza tuufunike ukuta kwa magunia mabichi, usizidi kukauka.

Magunia mabichi! Kwa maji gani? Gari la maji halitoshelezi hata kunywa, mbuzi wanakufa. Jirani yetu Doña Eduviges alisimama mlangoni petu akapiga kelele: "Fulgencio! Tulikupa tangi, umeturudishia chujio!"

Fulgencio alichukua maji yetu ya kuoga, akashuka tangini mchana wa jua kali kutundika magunia. Nilimwita atoke. "Bado upande mmoja, mpenzi," akasema. Nilipomwita tena, kimya. Tulimtoa kwa kamba, amezirai kwa joto.

Yuko hospitalini Caborca. Figo zimedhoofika, na hanitambui.

Wanawake sasa wanaleta maji waliyooshea vyombo kulowesha magunia. Doña Eduviges alitangulia na ndoo yake. "Usinitazame hivyo, mwanangu," akaniambia. "Ile ilikuwa kiu, si mimi." Nyufa zimeacha kupanuka. Wenzangu wanashangilia, mimi nashindwa hata kutabasamu.

Usitume kitu, Nazario. Njoo. Ukuta nimejua kuulowesha. Mume wangu ndiye sijui nimfanyeje.

Nisalimie Odilia, na shangazi Hortensia ukimpigia simu. Mama anakubariki, anasema Mungu akufungulie njia upesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Casilda