Kiti cha Kwa Mama Kadzo

Jumatano, 10 Juni 1998

Siku ya thelathini na tisa bila pombe. Chai ya tangawizi, mihogo ya kukaanga, tivii yangu ya nyeusi na nyeupe. Kombe la Dunia limeanza na mimi niko nyumbani Tononoka kama mgonjwa. Basi ni mgonjwa. Daktari alisema ini limechoka, na nikirudia chupa nisimlaumu mtu, hiyo ndiyo safari. Dama mke wangu alikuwa ameketi pale pale aliposema. Kwa hiyo hata kudanganya siwezi.

Bao la kwanza liliingia mapema. Niliruka, nikaketi, nikanywa chai. Ilikuwa chungu. Si uchungu wa majani. Uchungu wa bia baridi, na povu kwenye mdomo wa juu. Nilimuuliza Dama kikombe kimeoshwa kwa kitu gani.  Mabao yalikuwa matatu. Ladha ilikuja mara tatu.

Kiu inanichezea. Nilale.

Alhamisi, 11 Juni

Bandarini Kilindini. Makaratasi, foleni, muhuri, foleni tena. Ukarani ni kazi ya kusimama nyuma ya mgongo wa mtu mwingine.

Saa sita nilikutana na Katana getini. Tumekua pamoja Kaloleni, sasa yeye ni kuli wa melini. Miaka kumi tumekaa meza moja kwenye baa, kwa Mama Kadzo, kila mechi. Kiti changu ni kile chenye mguu uliofungwa waya. Hakuna mwingine akikaliaye, maana kinatazama tivii sawasawa na watu wanajua hasira zangu.

Katana alisema, "Kiti chako kipo, Charo. Wala hatukuachi na kiu." Akacheka peke yake. Sikuuliza. Niliona wivu, basi. Yeye anakunywa zaidi yangu na ini lake ni la punda.

Jumapili, 14 Juni

Mechi mbili mchana na jioni, bao moja moja. Ladha mara moja, kisha mara moja. Mara ya pili sikuwa na chai wala maji. Mdomo mtupu.

Dama aliniinamia kuchukua sahani, akasimama. Akasema nanuka. Nikamwambia amenusa ukuta. Akaenda kupekua chini ya kitanda, nyuma ya pipa, ndani ya viatu vyangu vya kanisani. Hakuona kitu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Nimekunywa miaka kumi na tano akanivumilia. Leo sijagusa, ananitazama kama mwizi. Nimeumia.

Alhamisi, 18 Juni

Nimewaza leo kazini kwa nini pombe na mpira huenda pamoja. Watu wanadhani ni kiu. Si kiu. Mpira ni kungoja. Dakika tisini za kungoja jambo ambalo huenda lisije, na mkono unataka kazi. Chai haifai, mtu huimaliza. Bia humaliza mtu, taratibu, kwa kadiri ile ile ya mechi.

Halafu kuna jambo la aibu. Mwanamume mzima hawezi kulia kwa sababu ya mpira. Lakini akiwa na chupa mbele yake anaweza kulia, kumkumbatia asiyemjua, kumtukana refa aliye ng'ambo ya bahari. Kesho yake anasingizia bia.

Athumani wa Kibokoni hakubali. Yeye ni karani mwenzangu, mtu wa swala tano. Huniambia kwao mpira hutazamwa barazani kwa kahawa na kashata, na mabao huingia vile vile. Lakini mbona nilipokuwa bado nakunywa nilimwona kila jioni kwa Mama Kadzo, dirishani, na soda yake mkononi? Anasema kelele za kule ni tamu zaidi.

Jumamosi, 20 Juni

Stima ilipotea kabla ya mechi ya jioni. Tononoka nzima giza. Dama aliwasha taa ya chemni. Redio haina betri. Nikasema vyema, leo nimepona na mpira.

Tulikuwa tunakula. Ladha ikaja. Niliacha kijiko. Baada ya muda ikaja tena. Kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila mara baridi kooni, kama mtu ananimiminia. Nilipoinuka nilipepesuka nikashika mlango. Nilikuwa nimelewa. Nimelewa mara nyingi maishani, najua ulevi. Dama alinishika kidevu, akaninusa mdomo chini ya ile taa.  Ameenda kulala na watoto.

Naogopa.

Jumapili, 21 Juni

Athumani alipita asubuhi kunijulia hali. Nilimuuliza matokeo ya jana, ya jioni. Mbili kwa mbili. Mabao manne. 

Akanihadithia mengine, yeye akidhani ananichekesha. Maneno yake haya:

"Yakhe, wewe wapendwa kule! Kiti chako wakiweka wazi, na bilauri yako mbele yake. Kila bao likingia, Katana aimwaga bia sakafuni, hapo penye miguu yako. Asema, hii ya Charo, asikose mechi. Sasa pana doa halikauki."

Hakuelewa kwa nini sikucheka. Yeye si wa kwetu. Sisi tumelelewa tukiona pombe ya mnazi ikimwagwa chini kabla ya mtu kunywa, kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia. Wafu wana kiu, hupewa chao kwanza. Lakini ni wafu. Katana anajua hivyo kama ninavyojua mimi. Amesahau kwa ajili ya utani na upweke. Mpumbavu. Rafiki yangu mpumbavu.

Jumanne, 23 Juni

Shangazi Kanze yupo, amekuja mjini kwa ajili ya macho. Huko Kaloleni anauza mnazi, amemwagia koma kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilingoja Dama atoke. Nikamweleza yote.

Alikuwa anamenya viazi. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mtu hamwagiwi akiwa hai. Ukimwagiwa unaitwa, na ukiitwa mara nyingi utaitika tu, hata kama hutaki. Alisema ni mapenzi hayo, lakini mapenzi ya kijinga.

Dawa yake ni rahisi. Niende mwenyewe, kiti kikiwa wazi. Niseme jina langu kwa sauti. Aliyemwaga aniombe radhi mbele ya watu, kisha sakafu ioshwe kwa maji. Na nifanye haraka, kwa sababu kiti kilichomwagiwa hakikai wazi siku nyingi.

Nikamuuliza, na akikikalia mtu mwingine kabla yangu?

"Basi wewe umepona," akasema, akachukua kiazi kingine.

Ijumaa, 26 Juni

Hospitali. Daktari alishika majibu ya damu, akavua miwani. Akasema ninakunywa. Nikaapa kwa Biblia, kwa watoto. Akasema ini haliapi. Limezidi kuharibika kwa wiki mbili tu, na nikiendelea hivi hatanihesabia miaka, atanihesabia miezi.

Dama alilia kwenye benchi ya nje, mbele ya watu. Nilitaka kumwambia. Nitaanzia wapi? Kwamba nakufa kwa bia ya sakafuni?

Jumapili, 28 Juni

Nilitoka kwenda kwa Mama Kadzo. Nilifika mlangoni. Ndani kelele, moshi, na harufu ile. Mate yalijaa mdomoni kama mbwa. Nilijua nikiingia nitakunywa. Nikajua pia nisipoingia nitanyweshwa.

Nilirudi. Nilijiambia ni busara. Ilikuwa woga. Kabla sijafika nyumbani ladha ilikuja, nikasikia baa nzima ikipiga ukelele nyuma yangu.

Jumatano, 1 Julai

Hakuna mechi. Nimelala kama mtoto. Macho yangu kwenye kioo yana umanjano. Dama ameona. 

Nilimtafuta Katana gatini nimwambie nje ya baa. Yuko zamu ya melini, hawashuki mpaka Ijumaa. Nimemwomba Athumani anisindikize Jumamosi, anishike mkono nisiagize. Amekubali. Hakuuliza sababu, mstaarabu.

Jumamosi, 4 Julai

Niandike yote, na niandike sawasawa.

Tulifika kipindi cha pili kimeanza. Timu zilikuwa zimefungana moja kwa moja. Watu wamebanana mpaka kwenye kaunta. Athumani alibaki dirishani kwa sababu mle ndani hapakuwa na pa kuweka mguu, nami nikajipenyeza. Harufu haikunishika nilivyoogopa. Nilikuwa natafuta kiti.

Katana alikuwa amekikalia.

Hapakuwa na kiti kingine baa nzima, ndiyo sababu. Ametoka zamu, amechoka, amekaa. Mguu wa waya ulikuwa umepinda chini yake. Bilauri yangu yenye ufa ilikuwa mkononi mwake. Chini, penye miguu yake, doa jeusi, upana wa sinia, limelowa.

Nilisimama nyuma yake. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani: inuka, Katana, hiki kiti si cha kukaliwa, niombe radhi, tuoshe sakafu. Maneno machache. Nilisimama nusu saa nzima na sikusema hata moja. Nilijiambia nangoja mechi iishe.

Dakika ya mwisho bao likaingia. Baa ililipuka. Katana aliinua bilauri ili amwage, watu wakamsukuma, hapakuwa na nafasi ya mkono kushuka. Akainywa yeye. Yote.

Nilingoja ladha. Nilifunga macho nikaingoja.

Haikuja. Mate yangu tu.

Nilifurahi. Niandike ukweli hapa, maana hakuna asomaye. Nilifurahi kuliko siku niliyooa.

Kisha Katana aligeuka akaniona. Macho yalimtoka kwa furaha. "Charo! Ndugu yangu! Njoo, kiti chako hiki, kaa!" Akainuka kweli, akanipangusia kwa kiganja.

Kiti kilikuwa wazi. Mwenyewe nipo. Aliyemwaga yupo. Ilikuwa kama Shangazi alivyosema, neno kwa neno.

Nikamwambia akae tu, mimi napita njia. Akakataa, akanivuta. Nikamweka mkono begani nikambonyeza, kwa upole, mpaka akakaa.

Jumatatu, 6 Julai

Chai. Mkate wa mofa. Njaa ambayo sijawahi kuiona mwaka huu. Dama ameniangalia nikila, akatabasamu mara ya kwanza tangu Mei.

Shangazi amerudi Kaloleni. Aliniuliza kama nilikwenda. Nikasema nilikwenda. Akaniuliza kama kiti kilikuwa wazi. Nikasema ndiyo. Si uongo. Alinitazama kwa yale macho yake mabovu muda mrefu, kisha akaniomba nimfungie mzigo.

Alhamisi, 9 Julai

Katana hajaja kazini siku mbili. Homa, wanasema. Nani hapati homa mvua zikiwa hivi?

Kesho nitakwenda kumwona nimwambie kila kitu. Huenda bado kuna njia.

Jumamosi, 11 Julai

Sikwenda. Mtoto alikuwa na kifua. Kwa kweli hakuwa na kifua sana.

Daktari amefurahi. Amesema sasa anaona nimeamua. Aliniambia hongera.

Jumanne, 14 Julai

Kombe limekwisha. Fainali sikuitazama. Nilikaa na tivii imezimwa, nimeshika kikombe.

Athumani alikuja baada ya alasiri. Alikuwa anatoka kwa Katana. Alikaa kwanza, akauliza watoto, akauliza Dama, kama desturi yao, na nikajua habari si nzuri. Macho ya Katana yamekuwa manjano. Miguu imevimba. Bia hawezi tena, na si kwamba hataki. Asema kila anywacho, hata maji, hata dawa, kinakuja na ladha ya tangawizi. Wote mle chumbani walimcheka, naye akacheka. Ameniulizia. Amesema ligi zitaanza tena Agosti na kiti changu kipo, mtu asikikalie.

Athumani alipoondoka nilijimiminia chai. Ilikuwa tamu, ya moto, tangawizi nyingi kama nipendavyo. Nilishika kikombe mpaka kikapoa. Nilitaka kuimwaga, sikujua niimwage wapi. Chini haiwezekani.

Nikainywa.

Kesho nitakwenda kwa Katana. Alhamisi pia niliandika hivyo.