Wimbo Tuliokuimbia Mbele ya Baba

Mpendwa Mama,

Baba ametaja jina lako. Nimeona nikuandikie furaha ikiwa bado moto.

Unakumbuka tulivyoanza, mimi na Kamau, ndugu wawili na kinanda kimoja cha umeme ndani ya stoo ya viazi hapa Dundori? Ulikuwa ukipita na ndoo ya maziwa unatikisa mabega. Nyimbo zetu zote zilikuwa za Ijumaa jioni na vijana wa kujishaua mjini. Siku moja ulisimama ukasikiliza mmoja hadi mwisho, kisha ukasema, "Unachezeka kweli. Lakini ni wa nani?" Tulicheka. Tukaendelea kupiga.

Tulipokuzika, nyumba ilinyamaza. Baba hakutaka mtu aguse gambuti zako za zizini pale mlangoni, lakini tukikutaja tu, anatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Sisi tukaendelea na zile za kuchezeka, vijana wa Nakuru wakaendelea kuruka. Mimi nikishuka jukwaani nilihisi kama nimeimba kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kamau ndiye alianza. Alitoa mdundo wote, akaacha sauti moja ya kinanda ikivutwa, nyembamba. Akaniambia, "Sema chenye hukusema pale hospitali."

Nikasema. Vile nilikuchana nywele ukiwa umelala, polepole, nikijiambia naogopa kukuamsha, kumbe naogopa hutaamka. Huo ndio ukawa wimbo.

Baba hatukumwambia. Jumapili mchana, kwenye ukumbi pale Nakuru, nikamwona ameingia na koti lake la kanisa, akaketi nyuma kabisa. Hajawahi kuja kutusikiliza.

"Tuuache?" nikamnong'oneza Kamau.

"Tukiuacha leo, hatutauimba tena."

Tukauimba. Hakuna aliyecheza. Mama mmoja pale mbele alijifunika uso na leso. Tulipomaliza, kiti cha Baba kilikuwa wazi. Nikajua tumemvunja.

Tulimkuta nje kwenye ngazi, macho mekundu.

"Baba, pole," nikaanza, "hatukutaka..."

"Wambui alikuwa na nywele ngumu," akanikatiza. "Ukimchana vibaya, anakunyang'anya chanuo anakuchapa nalo."

Halafu akacheka. Mama, alicheka mpaka akashika ukuta, na Kamau akalia kama mtoto, na mimi nikahisi kifua kinafunguka.

Tangu siku hiyo hanyamazi. Asubuhi akikamua, anasimulia habari zako. Za kuchezeka bado tunapiga, watu lazima waruke, lakini sasa nikiimba najua ni nani anaimba. Nalala vizuri.

Na jana, tukimenya viazi, alituambia kwamba alipokuposa mara ya kwanza ulimkataa, eti kwa sababu alikuwa anaharibu kwaya. Kamau akamuuliza, "Sasa alikubali vipi?"

"Niliacha kwaya," Baba akasema.

Pumzika, Mama. Huku tumeanza kupumua.

Binti yako, kifungua mimba