Jina Alilokuandikia Karani

Babu,

Shikamoo. Leo nakuamkia kwa heshima, maana ulipokuwa hai nilikuamkia kwa utani tu, na wewe ukanijibu, "Marahaba mchumba, umeniletea ugoro?" Ugoro sina. Nina habari: nimejifungua mtoto wa kiume, hapa Masasi, hospitali ya Mkomaindo, na jina lake nusura ligombanishe ukoo mzima.

Kwanza nikupe ya nyumbani Newala. Maji sasa yanatoka bombani, huko huko juu mlimani. Hakuna tena kushuka bondeni alfajiri na madebe. Unakumbuka ulivyokuwa unatupanga mstari uani, mimi mdogo nyuma kabisa, unatoa amri tutembee, na Bibi analalamika kwamba umewageuza wajukuu zake askari wa Keya? Bombani wanawake wanagombana, kila mmoja anadai amefika wa kwanza. Ungekuwepo wangenyooka. Mikorosho yako imezaa sana mwaka huu. Blanketi lako Bibi bado analikunja pembe nne kila asubuhi, halafu anasema hajui anajisumbulia nini. Anajua sana.

Sasa nije kwenye jina.

Ulinisimulia mara nyingi, tukimenya mihogo. Vita vya Mjerumani, Waingereza wameshafika Masasi, na wewe kijana umeshuka kutoka juu kwenda kujiandikisha Keya, jeshi lao Waingereza, Kiswahili hujui hata cha kuombea maji. Karani, mtu wa mbali, akakunyooshea kalamu akauliza, "Jina?" Hukuelewa. Ukajishika kifua, ukamuuliza kwa Chimakonde, "Nangu?" Yaani, mimi? Naye akaandika Nangu. Kesho yake wakaita majina. Lilipoitwa hilo, vijana wote wa kwetu waliokuwa mstarini walicheka, na wewe ukacheka, kisha ukaitika kiaskari, "Efendi". Tangu hapo ukawa Mimi mpaka kufa kwako.

Siku moja nilikuuliza kwa nini hukulisahihisha uliporudi. Ulimenya kwanza muhogo mzima. Ndipo ukaniambia wale waliocheka nawe siku ile, karibu wote majina yao yaliitwa baadaye na hawakuitika. "Mimi nikiitwa Nangu," ulisema, "nawasikia wanacheka." Nikalia. Ukaiondoa sufuria mbele yangu, ukasema mihogo itazidi chumvi.

Basi mtoto alipozaliwa, Mjomba Luka alikuja na lori la korosho kutoka Newala. Mwanao yule hajabadilika, bado anaongea kama anahutubia baraza. Kwamba mtoto arithi jina lako, hilo halikuwa na ubishi. Tuliachana kwenye lipi. Mjomba alitaka Likanda, jina ulilopewa jandoni. Alisema Nangu si jina, ni kosa la karani, na mtu harithishwi kosa. Alisema watoto wenzake watamcheka.

Lakini niliogopa, Babu. Waliomjua Likanda wamekwisha. Mwanangu akiitwa Likanda atakuwa amemrithi mtu ambaye hata mimi simjui, na wewe niliyekupenda utakuwa umezikwa mara ya pili. Nilitaka kusema hivyo. Mbele ya mjomba wangu nikabaki namnyonyesha mtoto aliyekuwa ameshashiba.

Aliyesema ni Bibi. Alikuja na lori hilo hilo, akawa ameketi mlangoni anapepeta mtama, hata uso hakuinua. Akasema, "Mie n'liolewa na Nangu. Huyo mwingine sin'jui. Kama alikuwa analala nyumbani mwangu, basi leo ndio nasikia." Mjomba alianza kutafuta kofia yake, na kofia alikuwa ameivaa.

Jumapili tukaenda kubatiza. Padre ni mgeni hapa, ila ni Mmakonde mwenzetu, na hilo ndilo lililotuponza. Aliniangalia akasema, "Mtaje mtoto huyu jina." Nikasema, "Nangu." Akatikisa kichwa kwa upole, "Ndiyo, wewe." Nikarudia, Nangu. "Ndiyo, mama, wewe, mtaje." Mabenchi ya nyuma yakaanza, yakafuata ya mbele, na Mjomba Luka mwenyewe akacheka mpaka akashika nguzo. Padre alipong'amua, naye akaangua kicheko, maji nusu yakaishia kwenye kanzu yake. Mwanangu akabatizwa kwa hayo yaliyobaki. Hakulia hata kidogo.

Sina huzuni, Babu. Nilidhani nitakuandikia barua ya machozi, kumbe nimeshiba furaha na maziwa yananidondoka. Nakukosa, hilo sikufichi. Nakukosa zaidi mchana, saa ya mihogo.

Juzi nilikuwa napita sokoni na mtoto mgongoni. Mwanamke mmoja akaniita kwa nyuma, "Mama Nangu." Kidogo nimtafute ni nani huyo anayeitwa. Kisha nikasimama palepale katikati ya watu, nikakuona umeketi kwenye kile kiti chako kifupi, unacheka mpaka ugoro unakupalia. Miaka yote uliniita mchumba. Sasa nimepanda cheo, maana kwetu aliyerithi jina ndiye mwenye jina, na kwa cheo hiki huwezi tena kunitania.

Nakuahidi kitu kimoja tu. Mtoto atakua bila kulionea haya jina hili. Siku atakayosimama mbele ya mwalimu, au karani, au mtu yeyote mwenye kalamu, akaulizwa jina, atalitamka kwa sauti, na wakicheka atacheka nao.

Lala sasa, mwanangu. Umechoka.

Ni mimi,
mama yako.